Kompaundi Namba Moja

Jumanne, 5 Agosti

Nimedhulumiwa. Silali leo, na si kwa baridi, ingawa baridi ya Songea mwezi huu nayo haina adabu.

Miaka sita nimeosha Pijo nyeusi ya Mama Emerensiana. Miaka sita! Kila Ijumaa, hapa kwangu Msamala, chini ya bango langu: VALENCE HUDUMA ZA KIMATAIFA ZA MAGARI. Naijua Pijo ile kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Leo asubuhi nanyanyua kichwa, ndoo mkononi, naiona inapita mbele yangu taratibu, inakata kona, inaingia kwa Bakili. Ng'ambo ya barabara! Mbele ya macho yangu!

Huyu Bakili ni mtu wa Tunduru. Alikuja miaka mitatu iliyopita na mashine ya kung'arishia rangi, koti la bluu na ustaarabu wa kuudhi. Adhuhuri anafunga, anaswali, anafungua. Hagombani na mtu. Hana hata redio. Sijawahi kumwamini mfanyabiashara asiye na redio.

Nikavuka kwenda kuuliza, kwa heshima kabisa. Mama akasema binti yake, Pamela, anaolewa Jumamosi ya tarehe kumi na sita, na anataka aende kanisani na gari la marehemu baba yake, liking'aa kama zamani. Nikauliza kwa nini hakuja kwangu. Akasema mimi naosha, Bakili anang'arisha. Naosha! Alivyolitamka neno lenyewe, ungedhani ni ugonjwa wa ngozi.

Bakili naye akamwambia amwachie gari siku nne kuanzia wiki ijayo, na hata hivyo hawezi kuahidi mpaka aipime rangi kwanza. Siku nne! Kupima! Nikatabasamu moyoni.

Jioni nikaenda kwa Mama, Mjimwema. Shikamoo, marahaba, chai, karanga. Nikamwambia kazi hiyo kwangu ni ya siku moja. Nikamwambia pia, kwa masikitiko makubwa, kwamba Bakili anaogopa rangi nyeusi. Fundi anayejiamini haombi siku nne. Mama akaweka kikombe chini, akaniambia rangi ile ni ileile gari lilikuja nayo, haijawahi kupigwa nyingine. Marehemu mumewe, Mwalimu Gama, aliifuta kila Jumapili baada ya misa, kwa fulana yake kuukuu, zaidi ya miaka thelathini. Akauliza kama nina uhakika, mwanangu.

Nikacheka kidogo. Kicheko cha mtaalamu.

Kazi nimeipata! Bakili na abaki akipima.


Jumatano, 6 Agosti

Nimeanza maandalizi. Mashine ninayo. Nilibadilishana na seremala mmoja wa Maposeni mwaka juzi, nikampa jeki. Kitufe chake cha spidi kimeganda kwenye sita. Si tatizo. Sita ndiyo ya mwisho, na sijaona sababu ya mtu mzima kutaka moja.

Nimetazama video ya kung'arisha rangi kwenye simu. Nusu yake. Bando likaisha mzungumzaji alipokuwa akianza kutaja tahadhari. Nilichokwisha kuelewa kinatosha: mbele ya mashine unafunga kitu cha mviringo, cha sponji au cha manyoya, kinaitwa pedi. Zipo ngumu, za kati na laini. Juu yake unapaka dawa inaitwa kompaundi. Unawasha. Gari linang'aa. Hiyo ndiyo elimu yote ambayo Bakili anaizungushia ukuta kama siri ya serikali!

Nikamtumia ujumbe Zuhra, mke wa binamu yangu Dar es Salaam, mtu mwelewa na mchangamfu. Nikaandika: Shemeji, nitafutie pedi, nzuri kabisa, laini, za kati na za kazi nzito. Tuma kwa basi haraka. Ni dharura ya kikazi.

Akajibu papo hapo: usijali shemeji, nimekuelewa.

Nikamweleza mke wangu Kunegunda kwamba wiki ijayo jina letu litakuwa midomoni mwa mji mzima. Alikuwa na pini mdomoni, anashona magauni ya wasimamizi wa harusi hiyohiyo. Akaitikia kwa pua.


Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Watu wameenda kutazama maonyesho ya wakulima. Mimi nimefanywa maonyesho pale stendi.

Basi la Dar liliingia jioni. Nikaenda kwa karani wa vifurushi kifua mbele. Walikuwepo madereva wanne ambao huosha magari yao kwa Bakili siku hizi, wasaliti wote, nikaona ni nafasi nzuri. Nikatangaza kwamba vifaa vyangu vya kitaalamu vimewasili kutoka Dar. Nikaomba kisu. Nikafungua boksi palepale juu ya meza ya karani.

Pedi. Za kina mama.

Paketi kumi na mbili! Za kawaida, zenye mabawa, na nyingine zimeandikwa kwamba ni za usiku, ulinzi maradufu. Juu yake karatasi, mwandiko wa Zuhra: Shemeji, sikuuliza swali lolote, familia ni familia, mpe dada Kunegunda pole, ukikwama tena usione haya.

Dereva mmoja akauliza kama mashine yangu ni ya kwenda mwezini. Mwingine ilibidi akae chini. Karani, mama mtu mzima, ndiye pekee aliyenionea huruma. Akalifunga tena boksi kwa gundi, akasema mwanamume anayemjali mke wake hivyo hapatikani kirahisi.

Nyumbani Kunegunda alicheka mpaka akashika meza ya cherehani. Kisha akazipanga kabatini moja moja na kusema tangu anioe, maneno yake hayo, tangu anioe, hii ni mara ya kwanza nimeleta kitu cha maana nyumbani bila kuagizwa.

Namlaumu Zuhra. Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi. Angeweza kuuliza.


Jumamosi, 9 Agosti

Nimempeleleza Bakili. Si kwa kumwiga. Kwa kumchunguza.

Ukuta wake wa nyuma una tundu pale tofali lilipotoka. Nikasimama juu ya ndoo zangu mbili tangu saa tatu hadi saa sita. Alikuwa na gari dogo la kijivu. Sasa sikiliza alichofanya huyu anayeitwa fundi. Alilitembelea gari lote akiinama na tochi, mchana kweupe! Akachagua sehemu moja ya mlango, ukubwa wa sahani. Akaizungushia utepe wa gundi ya karatasi. Akachukua sponji laini kuliko zote, laini kama keki, na dawa maji maji kama uji wa mgonjwa. Akapita mara mbili tatu. Akafuta. Akatazama. Akatikisa kichwa. Akabadilisha sponji, dawa ileile. Akatazama. Akarudisha sponji ya kwanza, akabadilisha dawa. Asubuhi nzima! Kwenye sahani moja!

Nimeelewa kwa nini anaomba siku nne. Hajui sponji ipi ni ya nini, anabahatisha. Mtu anayejua kazi huchukua kitu kimoja akamaliza nacho.

Nilitaka kuona zaidi, ila ndoo moja ilipasuka kitako. Bakili alisikia kishindo, akaja kuchungulia juu ya ukuta, akanikuta nimelala kwenye matope. Hakucheka. Akasema, "Pole kaka Valence. Mlango uko wazi, karibu upitie mbele, utaona vizuri."

Dharau ya namna hiyo sijapata kuiona.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimenunua vifaa. Hapahapa Songea, kumbe! Kwa Muhsini wa spea, nyuma ya soko. Siku zote vipo, na hakuna aliyeniambia.

Muhsini akanitolea pedi nne kaunta. Sponji ya njano, ya rangi ya machungwa, nyeusi, na moja ya manyoya ya kondoo. Nikamwambia naelewa, ya njano ndiyo laini. Akasema si lazima. Kila kiwanda na rangi zake, njano ya huyu ni laini na njano ya yule ni ngumu kama soli, kwa hiyo niminye kwa kidole nisitazame rangi. Sasa kama rangi haina maana wameipaka ya nini? Biashara ya kuchanganya watu!

Nikachukua ya manyoya. Imetoka kwa mnyama, ni kitu cha asili, na ndiyo iliyokuwa nene kuliko zote. Muhsini akakohoa, akasema manyoya yanakula rangi haraka sana, hasa gari kuukuu, na je, ni gari gani. Nikamwambia siri za wateja sizitoi.

Kisha kompaundi. Makopo matatu, yamepigwa namba. Namba moja, ya mikwaruzo mizito. Namba mbili, ya kati. Namba tatu, ya kumalizia. Akasema mafundi wengi huanza na tatu, wakiona haitoshi ndipo wanapanda. Nikamtazama usoni nione kama anatania. Tangu shule ya msingi mpaka leo, nani amewahi kujisifu kwa kushika namba tatu?

Nimechukua namba moja. Kopo kubwa.

Mama Emerensiana ameleta Pijo jioni, mwenyewe, akiiendesha pole pole kama anabeba mayai. Alipotoka alipitisha kiganja juu ya boneti, pale katikati kwenye mgongo wake, kama mtu anavyompapasa mtoto. Akaniachia ufunguo.


Jumanne, 12 Agosti

Sitaki kuandika. Lakini mtu lazima aweke kumbukumbu, vinginevyo maadui wataandika wao.

Nilianza saa mbili, jua limetoka. Niliosha, nikakausha. Nikapaka kompaundi namba moja kwenye milango na boneti kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Nikafunga manyoya. Nikafungulia redio, nikawasha mashine.

Ile sita ni spidi kweli! Kompaundi ilinirukia machoni, ukutani, kwenye bango na kwenye sufuria ya maharage ya jirani. Nikaikamata mashine kwa nguvu, nikailaza, nikaikandamiza ili isinitoroke. Ikawa inavuma vizuri. Milango ikang'aa, nikahamia kwenye boneti, upande wa kushoto nao ukaanza kung'aa. Wallahi uling'aa! Nikamwona Bakili amesimama langoni kwake, mikono nyuma. Nikaongeza mgandamizo ili aone vizuri.

Akavuka barabara mbio. Sijawahi kumwona akikimbia. Akapiga kelele, "Inua mashine! Kaka, inua!" Nikajua ni wivu. Nikakaza.

Harufu ikaja. Kama mpira ulioungua.

Nilipoinua, pale katikati ya boneti, kwenye ule mgongo, palikuwa na doa la kijivu. Ukubwa wa kiganja. Rangi nyeusi haikuwepo tena. Nilifuta nikidhani ni dawa iliyokauka. Nikafuta tena. Kijivu kilekile. Na sehemu nyingine zote, nilipozitazama juani, zilikuwa zimejaa miviringo midogo midogo, maelfu, kama vile paka wametumwa kucheza juu yake.

Bakili alisimama kando yangu. Akaenda kuchomoa waya wa mashine kwenye soketi, akarudi kwake.

Nimekaa kwenye tairi mpaka chai ikapoa. Ningependa kueleza kosa ni la nani. Leo sijampata bado.


Jumatano, 13 Agosti

Nimempata. Ni Muhsini. Angenikatalia kuniuzia.

Hata hivyo nikapata ufumbuzi. Kiwi! Dawa ya viatu, nyeusi. Nilipaka doa lile tabaka tatu, nikasugua kwa soksi. Kwenye kivuli huoni kitu. Nikaisogeza Pijo chini ya turubai, nikaiegesha upande, nikatandika gunia jipya ili Mama apokelewe kiheshima na asifike karibu sana na boneti.

Akaja saa nne, amevaa kitenge chake cha rangi ya samli na nyeupe. Nikaanza kuongea kabla hajafika. Nikamsifia mshono, nikauliza habari za wakwe, nikasema gari linahitaji kupumzika kivulini hadi Jumamosi kwa sababu za kitaalamu. Akawa anaitikia tu, huku anatembea. Alilipita gunia. Akaenda moja kwa moja kwenye boneti, akaweka kiganja palepale.

Kiganja kikatoka cheusi.

Akakitazama. Akapitisha kidole, kijivu kikatokea. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimetayarisha majibu manne. Akasema, polepole, "Hapa ndipo alipokuwa anaanzia."

Nikauliza nani, ingawa nilijua.

"Mwalimu. Anaweka kiganja hapa, anaangalia juu, dirishani, aone kama namtazama, ndipo anaanza kufuta. Kila Jumapili." Akatafuta pa kukaa, nikamletea tairi. Alikaa hapo na kitenge chake cha harusi za watu, mkono mmoja mweusi ameuweka mbali na nguo.

Majibu yote manne nikayaacha, nikaifuata ndoo. Nilimletea maji na sabuni nikamnawisha. Miaka sita namwoshea gari, sikuwahi kuona kwamba mikono ya Mama ni midogo vile. Nilisema nisamehe mama. Nadhani nililisema kwa sauti, ingawa sina uhakika.

Alipomaliza kunawa akasimama, akasema niipeleke Pijo kwa Bakili. Sasa hivi. Na niisukume, nisiiwashe, ili nipate muda wa kufikiri.

Nikaisukuma. Barabara ni mita thelathini. Ilikuwa saa ya watu kwenda sokoni. Wale madereva wanne walikuwepo, bila shaka, na hakuna hata mmoja aliyesaidia.


Alhamisi, 14 Agosti

Siku nzima kwa Bakili. Mama aliagiza nikae nione. Pamela naye alikuja, maana ndiye atakayepanda.

Bakili aliitembelea Pijo na tochi yake. Akatupatia maelezo kwa sauti ya chini, kana kwamba gari limelazwa. Akasema hii ni rangi ya zamani, haina vanishi ya kuikinga juu, kwa hiyo unachosugua ni rangi yenyewe. Nyeusi ya namna hii ni laini na inaonyesha kila kitu. Akasema pedi na dawa havichaguliwi na fundi, vinachaguliwa na rangi: unaanza na cha upole kabisa, sehemu ndogo, rangi ikikujibu unaishia hapo. Aliniangalia aliposema hivyo. Sikuona ulazima wa kuniangalia.

Alizungushia gundi sahani yake ya kawaida, kwenye mlango. Sponji ile laini kama keki, dawa namba tatu. Mashine yake inazunguka na kutikisika kwa upole, haina hata kelele. Mara tatu. Akafuta. Miviringo yangu kwenye ile sahani ilikuwa imekwisha. Nyeusi ilirudi, ukajiona uso mzima mle ndani, hadi nywele za puani.

Nilijiona. Sikufurahia.

Ila lile doa alilikataa. Rangi iliyoondoka hairudi kwa kusugua, alisema. Inapigwa upya, na rangi ya kufanana na ile haipatikani kwa siku mbili. Pia akasema jambo jingine, kwa staha sana. Akamwambia Mama kwamba pale kwenye mgongo rangi ilikuwa nyembamba tangu zamani, nyembamba kuliko kwingine kote, kwa sababu ya kufutwa miaka mingi mahali pamoja. Kama angeipima yeye kwanza angeiona, angeizungushia gundi asiiguse kabisa.

Nikaruka. Hatimaye haki! Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Mmesikia? Kwa hiyo aliyeanza kuitoa rangi ni marehemu! Mimi nimemalizia tu!"

Pamela aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mpaka sasa sijui kama ni kilio au ni kicheko. Mama alinitazama muda mrefu. Bakili akanishika kiwiko kwa adabu zake zote, akanitoa hadi barabarani, akafunga lango. Alivyo mpole hata lango lilifungika bila kelele.

Nikiwa nje nikamsikia Mama anasema doa lisipigwe rangi. Si leo, si baada ya harusi. Nikapaza sauti kupitia langoni kwamba ninaweza kulifunika kwa ua kubwa la kitambaa, mke wangu ana satini. Pamela akajibu, kwa sauti kavu kabisa, kwamba ua lisiwekwe. Anataka pale paonekane.

Watu hawajui kusaidiwa.


Jumamosi, 16 Agosti

Harusi. Nimeenda kwa sababu Kunegunda alisema nisipoenda atanishonea mdomo.

Pijo ilifika kanisani polepole katikati ya msafara. Lazima niwe mkweli: sijapata kuona weusi wa namna ile. Miti ilionekana ndani yake, na mnara wa kanisa, na vilemba vya kina mama. Katikati ya boneti kile kijivu, kama kiganja cha mtu. Pamela aliposhuka, kabla ya kushikwa mkono na mjomba wake, alipita mbele ya gari, akavua glavu, akaweka kiganja pale. Akatazama juu kidogo. Kisha akaingia kanisani.

Mama Emerensiana alikuwa ameshika mkono wa Kunegunda kwa nguvu. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni, vumbi la Agosti ni baya.

Halafu ukumbini mshereheshaji akasimama na kipaza sauti, akamshukuru fundi Bakili kwa kazi ya gari la bibi harusi. Makofi! Bakili akainuka nusu, akainama, akakaa, soda mkononi. Nikangoja na mimi nitajwe. Niliinuka kidogo ili kurahisisha mambo. Mshereheshaji akasema yule mzee aliyesimama pale nyuma tafadhali akae, anawazibia watu keki.

Mzee! Nina miaka arobaini na minne!

Lakini matusi makubwa yalikuja baadaye. Mama alinifuata mezani na sahani ya pilau, ameibeba yeye mwenyewe. Akaketi. Akasema hana kinyongo na mimi, kila Ijumaa ataendelea kuleta gari nilioshe, kwa maji na kitambaa, basi. Akasema pia ameongea na Bakili, na Bakili amekubali kunifundisha. Mwezi mzima, bure. Nianze Jumatatu, kwa kufua sponji na kujifunza kuzijua kwa kuminya.

Kufua sponji! Mimi! Bakili akaja akanipa mkono, akasema karibu kaka, inshallah tutafaidiana, mikono yako ina nguvu, inahitaji breki tu. Nikasema asante kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa pilau.

Njiani Kunegunda akaniambia watu wawili wamenifanyia wema leo ambao sikuustahili, na kama nina akili Jumatatu nitakuwa langoni kwa Bakili saa moja na nusu. Ameniwekea ovaroli safi kitini.


Jumatatu, 18 Agosti

Nilivaa ovaroli. Nilitoka saa moja na robo. Hilo liandikwe wazi, nia nilikuwa nayo.

Nilikuwa nimebakiza hatua kumi kufika kwa Bakili liliposimama gari mbele yangu. Jekundu, limepauka kama nyanya ya juzi. Dereva akajitambulisha, Abdul, mfanyabiashara wa korosho, ametoka Tunduru na anaendelea na safari mchana. Akasema ameelekezwa kwamba mtaa huu kuna fundi wa kung'arisha rangi, mkono wake umesifiwa harusini, na ndiye huyu?

Nilikuwa nimevaa ovaroli. Nilikuwa nimesimama mtaani. Sikusema uongo wowote. Nilisema karibu.

Tukavuka kwangu. Nilimweleza Bwana Abdul kwamba nimefanya utafiti wa kina wiki mbili hizi, na tatizo la mafundi wengi ni rangi nyeusi. Nyeusi ni ya kisirani. Nyekundu haina neno. Akauliza, kwa uoga wa watu wasiosoma mambo haya, kama hatuwezi kujaribu kwanza kwenye kona ndogo. Nikamwambia naam, mimi ni mtu wa vipimo, nimeshapima kwa macho. Pia nimeachana kabisa na manyoya, nimebadilika. Nimechukua sponji kutoka kwenye godoro la zamani la mgeni, nikaikata mviringo. Laini kabisa! Hata Bakili angekubali. Kompaundi ni ileile namba moja, kwa kuwa kopo bado limejaa na ni dhambi kuharibu mali.

Bakili amesimama langoni kwake tangu saa moja na nusu, anatazama saa yake, anaangalia barabara upande huu na upande ule. Sasa ameniona. Ameanza kupunga mikono. Nimempungia.

Naandika haya mashine ikipoa kidogo, nusu ya boneti tayari. Bwana Abdul amekwenda kunywa chai. Gari hili lilikuwa na uchafu, sijapata kuona. Nimesugua dakika ishirini tu na sponji nzima imeloa uchafu, mikono imejaa uchafu, hadi maji kwenye ndoo. Na kadiri ninavyosugua ndivyo unavyozidi kutoka.

Mwekundu mtupu.